Mlio wa Upepo Mlangoni mwa Gari

Gari liendapo polepole mjini, milango yake huwa kimya. Likifika barabara kuu na mwendo ukaongezwa hadi kilometa 90 kwa saa, dereva huanza kusikia mlio mwembamba karibu na sikio lake. Watu wengi husema kwamba upepo unaingia. Mara nyingi kinachotokea ni kinyume: hewa ya ndani ndiyo inayotoka.

Hewa inayokutana na kioo cha mbele hulazimika kupinda kwenye nguzo ya pembeni ili ipite ubavuni. Hapo kasi yake huzidi kasi ya gari lenyewe. Daniel Bernoulli alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1738 kwamba kasi ya mkondo ikiongezeka, kanieneo yake hupungua. Ndani ya gari kanieneo haikupungua kiasi hicho. Kwa hiyo mlango husukumwa kuelekea nje.

Tukadirie nguvu hiyo. Kilometa 90 kwa saa ni meta 25 kwa sekunde. Densiti ya hewa ikiwa kilogramu 1.2 kwa meta ya ujazo, kanieneo itokanayo na mwendo ni ½ × 1.2 × 25 × 25, yaani nyutoni 375 kwa meta ya mraba. Ikiwa tofauti ya ndani na nje inafikia kiasi hicho, na kioo pamoja na fremu yake vina eneo la nusu meta ya mraba, nguvu ni nyutoni 187 hivi, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 19. Mlango umeshikwa na bawaba upande mmoja na kitasa upande wa pili, vyote chini ya kioo. Fremu ya juu haina kinachoishika. Hupinda kidogo, mpira huachia, na hewa hupenya ikilia.

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka gari langu gereji kwa sababu ya mlio huo. Fundi aliliendesha katika mitaa ya jirani, hakusikia kitu, akabadilisha mpira wote wa mlango. Nililipa. Siku iliyofuata, njiani kwenda Morogoro, mlio ulikuwa palepale. Fundi yule alikuwa na mikono mizuri. Alichokosa ni hesabu. Kwa kilometa 40 kwa saa, nguvu ni karibu sehemu moja ya tano tu ya ile ya kilometa 90, na fremu haifunguki.

Nilianza upya kwa kipande cha karatasi. Mlango hufungwa juu yake, kisha karatasi huvutwa. Ikitoka bila kukwama, mpira haubani mahali pale. Pembe ya juu ya nyuma ilikuwa legevu. Baadaye nilifunika nyufa zote za mlango kwa utepe wa gundi, mwenzangu akaendesha kwa kasi ileile, nami nikasikiliza. Kimya. Tukasimama na kubandua kipande kimoja kila mara, hadi mlio uliporudi, katika pembe ileile.

Tiba ilikuwa kulegeza skrubu za chuma kinachopokea kitasa, baada ya kuchora alama ya mahali kilipokuwa, na kukisogeza ndani milimita moja. Mpira uliokakamaa kwa jua hauna budi kubadilishwa. Ulio mzima husafishwa kwa maji na sabuni. Usipakwe grisi ya kawaida, kwani mafuta ya petroli huvimbisha mipira mingi ya milango.

Na kama mlio unabaki hata nyufa zote zikifunikwa? Basi chanzo kiko nje: kioo cha pembeni, eriali au fito za kubebea mizigo. Vincenc Strouhal alichunguza milio ya nyaya mwaka 1878. Kwa ufito wa mviringo, idadi ya mitetemo kwa sekunde ni karibu 0.2 mara kasi, kugawanya kwa kipenyo. Ufito wa sentimeta 2 katika mwendo wetu wa meta 25 hutoa mitetemo 250, sauti ambayo mwanafunzi anaweza kuilinganisha na uma wa sauti wa maabara.