Miwani inayorekodi macho: Jua kinachosomwa

HUENDA siku moja mtafiti akakuomba wewe, au mzazi wako aliyepatwa na kiharusi, kuvaa miwani inayofuatilia macho. Usiwe na hofu, kwa kuwa miwani hiyo haiumizi. Hata hivyo, ni vyema ujue rekodi yako itasomwa vipi.

Miwani hiyo ina kamera ndogo zinazotazama macho yako kwa mwanga usioonekana, na nyingine inayotazama mbele. Kompyuta huunganisha picha hizo na kuweka alama mahali macho yalipoelekea. Baadhi hupima mara 50 kwa sekunde, nyingine 100 au 200. Kwa mara 50, dakika 10 pekee huleta vipimo 30,000!

Kusafisha rekodi

Kabla ya kuanza, utaambiwa ukazie macho alama fulani ili kifaa kiyazoee macho yako. Hatua hii ikiharakishwa, kompyuta itaonyesha kwamba ulitazama sahani ilhali ulitazama kikombe. Vilevile, vipimo hupotea ukipepesa macho, ukope ukilegea au jua likiwa kali. Mtafiti mwangalifu kwanza huhesabu vilivyopotea. Vikizidi, rekodi hiyo haifai.

Kisha kompyuta hutenganisha wakati macho yametulia, aghalabu kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, na wakati yanaruka kwenda penginepo. Kila yanapotulia huhusishwa na kitu: mlango, uso au birika. Kwa kuwa kichwa nacho husogea, ni lazima mtu akague kazi ya kompyuta.

Mwaka 1999, Michael Land na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha utafiti juu ya watu waliorekodiwa wakitengeneza chai. Waligundua kwamba macho hutangulia mkono kwa takriban nusu sekunde, na kwamba karibu kila kilichotazamwa kilihusu kazi yenyewe.

Kutazama si kuona

Kiharusi kikidhuru upande wa kulia wa ubongo, mgonjwa anaweza kupuuza upande wake wa kushoto. Hula nusu ya chakula na kusema sahani imekwisha. Rekodi inaweza kuonyesha mahali macho yake hayakufika.

Lakini haisemi ni kwa nini. Huenda ubongo unaupuuza upande huo, huenda mgonjwa haoni kabisa upande huo, au huenda vipimo vilipotea tu. Tena, macho yanaweza kuelekea kitu na akili isikitambue. Kwa hivyo usikubali kuambiwa una ugonjwa kwa sababu ya rekodi pekee. Ni lazima daktari akupime.

Linda siri yako

Kamera ya mbele hunasa pia nyuso za watoto wako, barua mezani na hata namba ya siri unayobonyeza kwenye simu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti. Kabla ya kutia sahihi, uliza:

1. Nani ataitazama rekodi hii?

2. Nyuso za watu wengine zitafichwa?

3. Itahifadhiwa wapi, na itafutwa lini?

4. Nikibadili nia, nitaweza kujiondoa?

Usiporidhika na majibu, kataa. Kukataa kushiriki katika utafiti hakupaswi kukunyima matibabu.

Mwisho, usingoje miwani hii ikiwa mtu wa nyumbani kwako anagonga milango upande mmoja au anaacha chakula upande mmoja wa sahani. Mpeleke akapimwe. Ikiwa hali hiyo imeanza ghafla, au uso umepinda, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, mkimbize hospitalini mara moja.