Fimbo Ikishainuka, Neno Moja Linatosha

Mdogo wangu wa Makiso, barua yako nimeisoma na nimeona niijibu hapa mbele ya wote, maana shida yako wanayo wengi ambao hata fimbo ya gofu hawajawahi kuishika. Unasema mjomba wako anayecheza gofu Gombe, kule Kinshasa, alikuachia fimbo moja ya zamani na mipira michache, nawe unajizoeza kwenye majani nyuma ya parsele yenu. Ukizungusha fimbo bila mpira, inapita vizuri, unaisikia ikivuma. Ukiweka mpira tu, mambo yanaharibika: mara unachimba udongo, mara mpira unaguswa utosini na kuviringika hatua chache. Na kichwani inapiga kelele sauti ya mjomba: kichwa kisiinuke, mkono wa kushoto unyooke, magoti yalegee, kiuno kitangulie, usiibane fimbo. Unaniuliza, katika hayo yote, ufikirie lipi?

Fikiria moja tu. Na kama inawezekana, hilo moja lisiwe la mwili wako.

Tangu fimbo ianze kushuka mpaka iguse mpira, inapita kama robo ya sekunde. Katika muda huo huwezi kujipa amri, ukaielewa, kisha mkono ukaitii. Ukijiamuru mambo matano, hata moja halifiki kwa wakati. Kinachofika ni mkazo wa misuli peke yake. Ndiyo maana bila mpira unapiga vizuri: hapo hujiamuru kitu.

Mwaka 1999 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walichapisha jaribio ambalo nalipenda sana. Waliwafundisha watu wasiojua gofu kupiga mipira ya karibu kuelekea shabaha. Kundi moja waliambiwa waangalie mwendo wa mikono yao, jingine mwendo wa fimbo. Tofauti ni ndogo hivyo tu. Waliofuata fimbo walilenga vizuri zaidi, hata walipopimwa baadaye bila kukumbushwa lolote. Wewe hili unaliona kila siku barabarani: tolekisti mzuri haangalii miguu yake kwenye pedali, anaangalia njia inapopenya kati ya madimbwi, na miguu inajua kazi yake.

Kwa hiyo zichukue amri za mjomba, uzitoe nje ya mwili. Badala ya kunyoosha mkono wa kushoto, peleka kichwa cha fimbo mbali nawe kadiri kinavyokwenda. Badala ya kuhangaika na kiuno, taka mkanda wako uwe umeitazama shabaha ukimaliza. Na badala ya kukikataza kichwa kisiinuke, jipe kazi ya kuyaona majani yaliyokuwa chini ya mpira baada ya mpira kuondoka. Hili la mwisho ndilo ningelianza nalo kwako, kwa sababu ya ile mipira unayoigusa utosini. Chagua moja, likae nawe wiki nzima, na usilibadilishe kwa sababu ya pigo moja baya.

Simdharau mjomba wako. Anayeanza lazima aonyeshwe mahali pa kuweka miguu na jinsi ya kushika fimbo, na mafundisho hayo yana wakati wake: polepole, bila mpira, ukijitazama kwenye kioo ikibidi. Tena usidhani hata mabingwa wanafikiria sana wanapopiga. Mtafiti Sian Beilock na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba wachezaji wazoefu walipotakiwa kuangalia kila hatua ya pigo lao la kuingiza mpira shimoni, walipiga vibaya kuliko walipopewa kazi nyingine ya kusikiliza sauti huku wakipiga. Umakini wao ulikuwa umekaa mahali pasipostahili.

Kuna wanaopenda mdundo kuliko picha, na nahisi wewe ni mmoja wao, kwa jinsi ulivyoandika habari za kwaya yenu. Timothy Gallwey, aliyetoa kitabu chake cha tenisi mwaka 1974 na cha gofu mwaka 1981, aliwafundisha watu kutamka neno moja fimbo ikifika juu nyuma, na jingine fimbo ikigusa mpira. Basi. Akili ikishapewa kazi hiyo ndogo, inaacha kuusumbua mwili. John Novosel naye alipima picha za video za mabingwa, akakuta kwamba kupandisha fimbo kunachukua muda kama mara tatu ya kuishusha, awe mchezaji wa haraka au wa taratibu. Sasa jaribu hivi, dada: fimbo ikipanda sema ma-le-mbe, ikishuka sema pa! Tatu juu, moja chini. Lisemwe kwa sauti, usione haya. Anayekimbilia kushusha, neno litamkatikia njiani na atajua mwenyewe kosa liko wapi.

Jambo jingine ni mahali pa kufikiria. Pia Nilsson wa Uswidi, aliyemfundisha bingwa Annika Sörenstam, pamoja na mwenzake Lynn Marriott, huwafundisha wachezaji kuweka mstari wa kuwazia nyuma ya mpira. Nyuma ya mstari unaamua kila kitu: upepo, umbali, fimbo gani, shabaha ipi. Ukishauvuka, maamuzi yamekwisha, unapiga. Ukipata shaka, rudi nyuma uanze upya. Sörenstam ndiye aliyemaliza mashimo 18 kwa mapigo 59 mwaka 2001. Wewe chora mstari wa kweli kwa kisigino kwenye udongo. Kabla ya kuuvuka, angalia pia kama hakuna mtoto aliyesimama karibu. Kichwa cha fimbo ni chuma.

Mabinti wanaocheza basketi, nanyi msiruke ukurasa huu. Mwaka 2005 jaribio kama lile la Wulf lilifanywa kwenye mitupo huru: walioelekeza mawazo kwenye duara la goli walifunga zaidi kuliko walioyaelekeza kwenye kifundo cha mkono, na misuli ya mikono yao ilifanya kazi kidogo kuliko ya wenzao. Duara, basi, siyo mkono.

Umeandika pia kwamba kaka zako wanasema gofu ni ya wanaume wenye pesa. Kuhusu pesa wana hoja, fimbo na viwanja ni ghali. Kuhusu wanaume, waambie habari za Rose Naliaka wa Kenya, mwanamke wa kwanza wa nchi yake kucheza gofu ya kulipwa, ambaye baadaye alianzisha shule ya kuwafundisha watoto mchezo huo.

Na ninyi wajomba, makocha, kaka wakubwa mnaosoma hapa: mkiwa na la kumfundisha binti, mwambieni akiwa bado nyuma ya mstari. Akishainua fimbo, nyamazeni, mwacheni apige.