Mahali pa Kila Kitu
Somo kwa wazazi na walimu wa Wakristo

Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo limo jambo ambalo mara nyingi twalisoma upesi na kulipita. Siku tatu za kwanza Mungu alitenga: nuru na giza, maji ya juu na ya chini, bahari na nchi kavu. Kisha ndipo alipoweka mianga mbinguni, samaki majini, ndege angani na wanyama katika nchi. Mahali palitangulia, wakaao wakafuata.

Sisi wazazi twaugeuza utaratibu huo. Twamnunulia mtoto nguo, viatu, madaftari na mpira, navyo vyote vyaingia katika chumba kisicho na kikapu wala msumari ukutani. Halafu twasimama mlangoni na kupaza sauti, "Panga chumba chako!" Mtoto wa miaka sita aanzie wapi?

Nyumbani kwetu tulimwamuru mtoto mara tatu, na mara ya tatu kwa ukali. Akaitika, "Tayari, baba." Tulipoinama tuliona vyote vimesukumwa uvunguni mwa kitanda: shati la shule, kaptula yenye matope, daftari la hesabu, hata Agano Jipya la dada yake. Mkono ulikwisha kuinuliwa, ndipo tulipomwuliza kwa nini amefanya hivyo. Akasema hakujua viwekwe wapi. Nasi tulipotazama chumbani, hatukuweza kumwonyesha.

Dk. Martin Luther alipokuwa mtu mzima alisimulia ya kuwa mama yake alimpiga hata damu ikatoka, kwa sababu ya kokwa moja tu. Hakuacha kusema kwamba wazazi wake walimtakia mema. Lakini ukali ule ulimtia woga. Naye mtoto mwenye woga hujifunza kuficha kabla hajajifunza kupanga.

Basi tuliketi sakafuni pamoja naye, tukavitoa vyote uvunguni. Nguo za kufuliwa tuliziweka upande mmoja, zilizokwisha kumbana tukamwekea mdogo wake, vilivyovunjika tukavitupa. Vilivyobaki vilikuwa vichache kuliko tulivyodhani. Tulipigilia msumari kwa kimo cha mkono wake, si wetu, maana msumari asioufikia mtoto haumfai kitu. Ubao juu ya matofali mawili ukawa wa vitabu, na viatu chini yake. Kama Adamu alivyopewa kuwataja wanyama, tulimwachia yeye ataje mahali pa kila kitu. Mpira aliuweka nyuma ya mlango. Sisi tungalichagua pengine, lakini tukanyamaza.

Tangu hapo hatusemi tena "panga". Twasema neno moja dogo: "Viatu," kisha, "Daftari," nayo hufanyika kabla ya sala ya jioni. Tena kazi hii si ya mama na mabinti peke yao. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka wa 1529 Luther aliwaagiza wakuu wa nyumba wawafundishe watu wao wenyewe. Nasi twaona ya kuwa baba aketiye na mwanawe kwa amri na sala aweza kuketi naye kwa kaptula pia.

Jioni ya nne shati lilikuwa sakafuni tena. Tulimwuliza, "Shati lakaa wapi?" Akacheka, akaliokota, akalitundika.