Mfugaji Nyuki wa Ukambani Kabla ya Mvua ya Vuli

Vitabu vya ufugaji nyuki vilivyoandikwa Ulaya huanza mwaka wa mfugaji na majira ya machipuko: baridi imepungua, maua yamechanua, nao nyuki wanatoka mzingani baada ya miezi ya kujikunyata. Mwanafunzi anayeichukua picha hiyo kama ilivyo na kuipeleka Kitui au Makueni hupotoka. Huko hakuna baridi ya kuwafungia nyuki ndani, na mwaka wao hauanzi kwa unyevu wala kwa majani mabichi. Huanza Septemba na Oktoba, wakati vumbi limetanda na ng'ombe wanatembezwa mbali kutafuta maji. Makala haya yanazieleza kazi za mfugaji katika wiki hizo chache pamoja na sababu zake.

Ni vyema kwanza kuyatazama majina ya mvua. Katika Kiswahili cha pwani, masika ndiyo mvua kubwa, ya Machi hadi Mei, nayo vuli ni mvua ndogo ya Oktoba hadi Desemba. Ukambani mpangilio huo umepinduka. Mvua ya kutegemewa ni ya vuli. Ndiyo inayokuza mahindi, pojo na kunde, nayo masika huweza kupita bila ya kuacha kitu shambani. Kwa hiyo neno ambalo kwa msikilizaji wa Mombasa hubeba wazo la uchache, kwa mkulima wa Mwingi au Kibwezi hubeba tumaini la mwaka mzima. Kamusi haziwezi kulaumiwa kwa hilo, lakini mwalimu anapaswa kulitaja.

Sasa tuje kwenye mti. Miongoni mwa migunga ya eneo hili kuna ule ambao Wakamba huuita muthiia, wenye miiba iliyopinda kama ndoana. Wataalamu wa mimea waliupa jina la Kilatini *mellifera*, yaani uletao asali. Muthiia huchanua mwishoni mwa kiangazi, mara nyingi kabla ya mvua na kabla ya kutoa majani yake wenyewe, hata kichaka kilichoonekana kufa huwa cheupe kwa maua.

Umuhimu wa maua hayo hudhihirika kwa hesabu ndogo. Nyuki kibarua huchukua siku zipatazo 20 kutoka yai hadi kutoka katika kijumba chake cha nta. Baada ya hapo hufanya kazi za ndani kwa wiki mbili au tatu: kusafisha, kulisha majana, kujenga masega. Ndipo huanza kuruka kwenda malishoni. Nyuki atakayekusanya mbochi, yaani maji matamu ya maua, mwishoni mwa Novemba ni yai lililotagwa katikati ya Oktoba, na majana hayakui bila chavua. Muthiia usipochanua, au usipokuwepo, mvua hunyesha na maua ya Novemba hufunguka huku mzinga ukiwa na nyuki wachache wa kuyaendea.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ya mfugaji ni kutazama tu. Husimama kando ya mlango wa mzinga asubuhi na kuangalia miguu ya nyuma ya nyuki wanaorudi. Wakiwa na vifurushi vya chavua, yamkini malkia anataga. Wakirudi mikono mitupu siku baada ya siku, kuna shida ndani. Hana haja ya kufungua mzinga ili kujua hayo, na nyuki wa Ukambani, wakali wa kurithi, hawapendi kufunguliwa mchana wa jua kali. Inapobidi kufungua, huenda jioni, akiwa na moshi.

Kazi ya pili ni mizinga mitupu. Nyuki wa nchi hizi huhama kwa urahisi njaa au kiu inapozidi. Mfugaji hana budi kutofautisha kuhama na kugawanyika: katika kugawanyika, sehemu ya kundi huondoka na malkia mkongwe, wengine wakabaki, katika kuhama, wote huondoka na kuacha masega makavu. Masega hayo huvamiwa na viwavi wa nondo, wakayafunika kwa utando. Huondolewa yote, mzinga ukakwanguliwa, ukafukizwa moshi, kisha nta safi ikapakwa ndani na mlangoni ili harufu yake ivute bumba la nyuki linalotafuta makao. Hufanyika hivyo kwa mzinga wa gogo, ambao Wakamba huuita mwatu, na kwa mzinga wa pau za juu uliosanifiwa na kuenezwa nchini Kenya tangu miaka ya 1970. Mzinga uliotayarishwa baada ya mabumba kupita hukaa mtupu hadi msimu mwingine.

Mzinga huning'inizwa kwa waya, mbali na shina, ili nyegere asiufikie. Waya hupakwa grisi kuzuia siafu. Chombo cha maji chenye vijiti vya kutulia huwekwa karibu. Watu wengi hulipuuza jambo hili, ingawa ndilo rahisi kuliko yote.

Tatizo kubwa haliko mzingani. Muthiia hutoa makaa mazuri, na familia iliyokosa mavuno huuza kilicho karibu. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya, na si haki kumhukumu mchoma makaa bila kuikumbuka miaka hiyo. Serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa mnamo Januari 2018. Marufuku yaweza kumzuia mwenye lori. Mwenye shoka na mtoto mwenye njaa huzuiwa kwa shida zaidi. Mfugaji mwenye busara huzungumza na jirani yake mwezi Julai, kabla ya tanuri kuwashwa, na akiweza humpa mzinga mmoja.

Kishawishi cha mwisho ni kurina asali kidogo iliyobaki, kwa kuwa bei hupanda wakati wa kiangazi. Haifai. Mvua ya kwanza inaponyesha, nyuki hushinda ndani na mbochi huoshwa mauani, nao huishi kwa akiba hiyo hiyo. Mavuno huja Januari na Februari, asali ikishafunikwa kwa nta, na hata wakati huo masega yenye majana huachwa mahali pake.