Utoto Mgumu na Misukosuko ya Ukubwani

Swali: Je, aliyelelewa katika shida huvunjika upesi zaidi mambo yanapomwendea kombo ukubwani?

Jibu: Hatari ipo, lakini si hukumu. Kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi walipofika miaka 40. Takriban theluthi moja walikulia katika ufukara, ugomvi wa wazazi, ulevi au maradhi ya akili nyumbani. Kati ya hao, wawili katika kila watatu walipata matatizo ya tabia au masomo. Wa tatu alikua imara. Uchangamfu wa kuzaliwa nao ulisaidia, ila kilichojitokeza mno ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kutegemewa: bibi, shangazi, hata mwalimu. La kutia moyo zaidi, wengi wa waliokwama ujanani walijinasua baadaye, kwa kurudi masomoni, kuingia jeshini, kupata mwenzi mtulivu au kujiunga na jumuiya ya dini. Anayeelemewa leo amtafute kwanza mtu anayemwamini. Mawazo ya kujidhuru yakimjia, amwone daktari bila kusubiri.