Gia Zinapokataa: Somo la Uchunguzi katika Gari Kuukuu

Katika mitaa ya Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazoni, magari mengi madogo ni yale yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa nchini, na mengi kati yake hayana pedali ya klachi. Dereva huweka mkono wa gia kwenye herufi D, hukanyaga mafuta, na gia hubadilika zenyewe. Gari la namna hii likizeeka huanza visa: hukawia kuondoka, hushtuka kila linapobadili gia, au injini huunguruma pasipo mwendo kuongezeka. Aghalabu hukumu hutolewa papo hapo: "Giaboksi imekufa." Mwenye gari hununua giaboksi nyingine kuukuu asiyoijua historia yake, na pengine ugonjwa hubaki palepale.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba dalili siyo ugonjwa, na kwamba njia ya kutoka kwenye dalili hadi kwenye ugonjwa ni ileile tuitumiayo katika maabara.

Giaboksi hufanyaje kazi?

Weka feni mbili za mezani zikitazamana, kisha washa moja tu. Upepo wake utaizungusha ile isiyo na umeme. Badala ya upepo tia oili, na badala ya feni weka magurudumu mawili yenye mapanga ndani ya chombo kilichofungwa: hapo utakuwa umekaribia toku konveta, kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Msingi wake uliwekwa na mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, mwaka 1905, kwa ajili ya meli.

Nyuma ya kifaa hicho kuna gia ambazo hufungwa na kufunguliwa na klachi ndogo ndogo. Klachi hizo hubanwa na oili inayosukumwa na pampu. Hapa tunakutana na kanuni ya Blaise Pascal (1623–1662): kanieneo katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Tukichukua, kwa mfano wa hesabu tu, kanieneo cha N 800,000 kwa mita ya mraba na pistoni yenye eneo la mita za mraba 0.005, kani ya kubana klachi itakuwa N 4,000, yaani karibu sawa na uzito wa kilo 400.

Basi oili hufanya kazi tatu: hupeleka nguvu, hubana klachi, na huondoa joto. Ndiyo maana oili pungufu au iliyoungua huweza kuleta takribani kila dalili tuliyoitaja.

Hatua ya kwanza: oili

Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990, oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare, giaboksi ikiwa imepata moto na injini ikiendelea kunguruma polepole. Mkanyagaji breki hupitisha mkono wa gia katika nafasi zote na kuurudisha kwenye P, ndipo kijiti cha kupimia huchomolewa. Magari ya Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa; kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe kwanza.

Oili nzima huwa nyekundu na angavu. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na yenye harufu ya kuungua, klachi zimekuwa zikiteleza. Ikifanana na maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, maji yameingia, mara nyingi kutoka kwenye rejeta, ambamo oili hiyo hupita ili ipoe. Ikiwa pungufu, pampu hufyonza hewa. Na kwa kuwa hewa hugandamizika kwa urahisi, kanieneo hushuka. Oili ya giaboksi haiunguzwi kama petroli: ikipungua, kuna mahali inapovuja.

Hatua ya pili: vilivyo nje ya giaboksi

Katika magari mengi ya zamani kuna kebo inayoiarifu giaboksi dereva amekanyaga mafuta kwa kiasi gani. Kebo hiyo ikilegea, gia hubadilika mapema na klachi huweza kuteleza. Ikikazwa mno, gia huchelewa na kubadilika kwa kishindo. Katika magari yanayoongozwa kwa umeme, solenoidi hufungua na kufunga njia za oili. Upepo wa bahari wa Tanga hubeba chumvi, na chumvi ikisaidiwa na unyevu hula viungio vya nyaya. Solenoidi nyingi za kubadili gia za Toyota za wakati huo huwa na ukinzani wa omu 11 hadi 15. Mwanafunzi mwenye mita anaweza kuupima. Taa ya O/D OFF ikimweka yenyewe katika magari hayo, ni ishara kwamba kompyuta imeona hitilafu ya umeme.

Hatua ya tatu: kupima muda

Gari liwe tambarare, magurudumu yazuiwe kwa magogo, breki zote mbili zishikwe, wala pasiwe na mtu mbele au nyuma. Fundi au mwalimu ndiye akae kwenye usukani. Injini ikiwa na moto, ahamishe mkono wa gia kutoka N hadi D, nawe upime kwa saa muda unaopita hadi mshtuko usikike. Rudieni mara tatu, mkipumzisha kwa dakika moja, kisha mtafute wastani. Fanyeni vivyo hivyo kutoka N hadi R. Vitabu vya Toyota nyingi hutaka muda usizidi sekunde 1.2 kwa D na sekunde 1.5 kwa R.

Zikichelewa zote mbili, tafuta kisababishi kinachozihusu zote: oili, chujio au pampu. Ikichelewa moja tu, shuku klachi ya upande huo au njia yake ya oili.

Kwa nini jambo hili ni zito

Kutoka Mombo hadi Lushoto barabara hupanda karibu mita 1,000. Gari lenye abiria, uzito wake kilo 1,500, huhitaji jouli milioni 15 ili kuinuliwa tu. Linaposhuka, nishati hiyo lazima iende mahali fulani: ingetosha kuchemsha takribani lita 50 za maji kutoka nyuzi 30 hadi 100 za Sentigredi. Dereva akiweka 2 au L, injini huchukua sehemu kubwa ya mzigo huo. Giaboksi ikiteleza, mzigo wote huangukia breki, nazo zikipata moto kupita kiasi hushindwa kushika. Hivyo gari linalotembea vizuri mjini Tanga huweza kuwa hatari mlimani.

Kanuni ya mwisho ni hii: badili kitu kimoja, pima, andika, ndipo uendelee. Anayebadili oili, kebo na solenoidi siku moja huenda akaliponya gari, lakini hatajua alichokiponya. Na siku ugonjwa utakaporudi, ataanza upya kwa kubahatisha.

Maswali

1. Kwa nini hewa iliyoingia katika oili hupunguza kani ya kubana klachi?

2. Gari lilipimwa kutoka N hadi D likatoa sekunde 1.9, 2.1 na 2.0; kutoka N hadi R, sekunde 1.3, 1.2 na 1.4. Tafuta wastani, kisha eleza utaanza kuchunguza wapi.

3. Gari huteleza baada ya kupanda mlima tu, wala haliteletezi asubuhi. Joto hubadilishaje uzito wa mtiririko wa oili, na hilo linatuelekeza wapi?