Mizani, Namba na Mwili Uliopewa

Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Samweli 16:1–13, Danieli 1:8–16, Mithali 11:1

Somo hili nimelibeba miezi kadhaa bila kujua nilianzie wapi, kwa sababu linaanza na kosa langu mwenyewe. Basi wacha nilianzie hapo hapo.

Mnakumbuka ile kambi ya matibabu tuliyofanya hapa kanisani. Foleni ilitoka kwenye geti ikafika kwenye matangi ya maji. Meza ya kwanza ilikuwa ya kilo na urefu. Kijana aliyejitolea alikuwa anapima, anapiga hesabu kwa simu, halafu anasoma namba kwa sauti ili mwenzake aandike. Kwa sauti, watu wa Mungu, foleni nzima ikisikia. "Thelathini na mbili. Unene wa kupindukia." Na anayesomewa ni mama wa kwaya, amejipanga vizuri na kitenge chake. Wengine wakacheka chini chini.

Jumapili iliyofuata mimi nikashika maikrofoni wakati wa matangazo. Nikataka kuchangamsha watu. Nikasema ati kambi imethibitisha kwamba kwaya yetu ina upako mzito, tena wa kilo. Kanisa likacheka. Nikarudi kukaa nikiona nimeweza.

Wiki tatu baadaye ndipo niligundua yule mama hayupo kwenye mstari wa mbele wa kwaya. Hayupo hata nyuma. Mimi na mke wangu tukaenda kumtembelea. Akatukaribisha vizuri, akatupa chai na mandazi, yeye mwenyewe hakugusa. Nilipomuuliza kuna nini, akaangalia chini kidogo, kisha akasema: "Pasta, mimi sijakasirika. Lakini nimekaa na huu mwili miaka arobaini na sita. Umebeba watoto wanne, umebeba kabeji kutoka Marikiti. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuuonea aibu mbele za Mungu."

Tukaendelea kuongea, ikatoka kwamba kwa siku kumi na nane alikuwa anakula mara moja tu kwa siku, na kunywa chai ya kupunguza mwili aliyouziwa mjini. Asubuhi moja alianguka kwenye kibanda chake akipanga sukuma wiki, majirani wakamwinua. "Nilimwambia Mungu ni mfungo," akasema. "Lakini Yeye anajua nilikuwa nafungia nini." Sikuwa na la kujibu. Nimempigia magoti kumwomba msamaha, na ameniruhusu niandike haya bila jina.

Sasa niwaambie kuhusu karatasi yangu mimi. Nina urefu wa mita 1.73 na kilo 73. Namba yangu ilikuwa 24.4, na kando yake kukaandikwa "kawaida". Niliitia mfukoni nikiwa na furaha ya mtu aliyepita mtihani bila kusoma. Kwenye meza ya sukari, nikiwa sijala tangu jana yake, nikapata 6.4. Hiyo haijafika kisukari, ambayo huanzia 7.0 kwa mtu aliyefunga kula, lakini kawaida imeshaipita. Muuguzi akachukua futi ya fundi cherehani akanizungusha tumboni: sentimita 99. Akaniangalia. "Pasta, hii shati imeficha mambo."

Kwa hiyo tulitoka kambini na karatasi mbili. Ya yule mama ilimwambia ni mgonjwa, na presha yake ilikuwa 118 kwa 76 na sukari safi. Yangu iliniambia ni mzima, na ndani kulikuwa kunaanza kuharibika. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma hii namba ilitoka wapi.

Inaitwa BMI, na hesabu yake ni rahisi. Unachukua kilo zako, unagawanya kwa urefu wako wa mita, kisha jibu unaligawanya tena kwa urefu huo huo. Yule mama ana kilo 82 na mita 1.60, ndiyo maana ilitoka 32. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kutoka 18.5 mpaka kabla ya 25 ni kawaida, 25 na kuendelea uzito umezidi, na 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia.

Aliyeanzisha hesabu hii hakuwa daktari. Alikuwa Mbelgiji, Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu na nyota, na alikuwa anaandika miaka ya 1830. Alikuwa anatafuta "mtu wa wastani", yaani kuelewa umati wa watu kwa hesabu. Hakuwa anatafuta nani mnene na nani mgonjwa. Baadaye kampuni za bima ya maisha za Marekani zikatengeneza jedwali zao za uzito na urefu, maana walitaka kujua nani atakufa mapema (biashara ni biashara). Mwaka 1972 mtafiti Mmarekani, Ancel Keys, akalinganisha hesabu mbalimbali akiwatumia zaidi ya wanaume 7,400, akaona ile ya Quetelet inafaa kwa kuwa ni nyepesi, akaipa jina linalotumika leo. Nasema wanaume. Katika kundi hilo mwanamke hakuwepo hata mmoja.

Na ile mipaka nayo si mbao mbili za mawe zilizoshuka kutoka Sinai. Mwaka 1998 Marekani ilishusha mpaka wa uzito uliozidi kutoka kama 27 na kitu hadi 25. Mamilioni ya watu walilala wakiwa kawaida, wakaamka wamezidi, na hakuna aliyeongeza hata gramu moja usiku huo. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakaeleza kwamba kwa watu wa asili ya Asia hatari huanza mapema zaidi, kwenye 23 hivi. Kwa hiyo jirani yako Mhindi wa Parklands na wewe mnaweza kuwa na namba moja na hatari tofauti.

Mimi nilisoma biashara chuoni kabla ya wito huu, na jambo hili linanikumbusha somo la uhasibu. Mwalimu wetu alikuwa anatupa uwiano mmoja wa kampuni, tuseme mali yake ya karibu ikilinganishwa na madeni yake ya karibu, halafu anauliza: mtaikopesha? Tulikuwa tunakimbilia kusema ndiyo. Kumbe ile mali yote ni bidhaa zimeoza stoo. Uwiano haukudanganya, sisi tuliuuliza swali lisilo lake. BMI nayo ni uwiano tu wa kilo kwa urefu. Haijui kama zile kilo ni msuli, mfupa, maji au mafuta. Mchezaji wa raga aliyejaa misuli inamwita mzito kupita kiasi. Mzee ambaye misuli yake imeisha na tumbo limebaki inamwita wa kawaida. Mama mjamzito haimhusu kabisa. Na watoto wadogo wana vipimo vyao, akina mama mnajua ule utepe wa mkononi kliniki wenye rangi nyekundu, njano na kijani.

Lakini kubwa zaidi, haijui mafuta yamekaa wapi. Yaliyo kwenye nyonga na mapaja huwa hayana fujo sana. Yanayozunguka ini na matumbo ndiyo yanayovuruga sukari na presha. Ndiyo maana muuguzi alikimbilia futi. Kipimo chepesi ni hiki: kiuno chako kisizidi nusu ya urefu wako. Mimi nusu yangu ni 86 na kitu, na nilikuwa na 99. Mwaka 2023 hata chama kikuu cha madaktari wa Marekani kilipitisha kwamba BMI isitumike peke yake.

Sasa naona mtu ameshaanza kusema amina kwa nguvu na kuagiza chapati ya tatu. Ngoja kwanza. Sijasema namba ni uongo. Kwa umati inafanya kazi yake vizuri: ukipima watu elfu kumi, wale wa juu sana watakuwa na kisukari, presha na magoti mabovu kuliko wengine. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kama watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi au zaidi ya hapo. Kwa wanawake walikuwa 38, kwa wanaume 17 hivi. Hilo si jambo la kufanyia mzaha. Yule mama mwenyewe kiuno chake kilizidi nusu, na muuguzi alimwambia ukweli kwamba magoti yake yatamdai akifika miaka sitini. Kuna dada mwingine pale kambini aliposomewa namba yake alisema, "Hiyo nakataa kwa jina la Yesu." Mpendwa, hesabu ya kugawanya haikemewi. Mithali 11:1 inatuambia Bwana huchukizwa na mizani ya hila na hupendezwa na kipimo cha haki. Mizani ya haki tusiikimbie. Makosa huja pale tunapoipa kazi ambayo si yake.

Samweli alikuwa nabii mzoefu, na bado alimwangalia Eliabu, sura na urefu, akaamini amempata mfalme. Mungu akamrudisha. Samweli alipima kwa urefu. Sisi tumeongeza na kilo. Na jinsi tunavyopima inabadilika na majira. Wazazi wetu walisifu mwili. Mtu akirudi kijijini amejaa wanasema Nairobi imemkubali. Hata Biblia yetu ya Kiswahili, kwenye Mithali 11:25, inatumia lugha ya kunenepa kueleza baraka ya mtu mkarimu. Kisha ukaja Ukimwi, miaka ya themanini na tisini, na jirani zetu wa Uganda wakauita kwa jina la kukonda. Tangu hapo mtu akipungua kilo tano watu wananong'ona. Nimezika mtu ambaye miaka yake ya mwisho hakutaka kupunguza uzito, ingawa daktari alimsihi, kwa kuogopa majirani watasema ameathirika. Leo vijana wetu nao wanaangalia picha kwenye simu na wanataka kiuno cha nyigu. Mwili ni ule ule, hukumu ndiyo inabadilika kila miaka ishirini.

Na Danieli? Kila Januari tunapofunga, kuna mtu lazima atoe ushuhuda wa kilo alizopoteza. Nisomeeni Danieli 1:15 polepole. Mkuu wa matowashi aliogopa vijana wataonekana wamedhoofika. Baada ya siku kumi za mtama na maji, walionekana wamenawiri na wamenenepa kuliko wenzao waliokula meza ya mfalme. Wamenenepa! Danieli hakukataa kile chakula ili avae nguo ndogo. Alikuwa anaamua mwili wake ni wa nani. Na alikubali kupimwa baada ya siku kumi, kwa macho, bila mtu kumtangaza uwanjani Babeli.

Hapo ndipo ninapoielewa amani na mwili wangu, na nimejifunza zaidi kwa yule mama kuliko kwa vitabu. Aliacha ile chai. (Niwaambie, baadhi ya hizo chai ni dawa za kuharisha tu; kinachopungua ni maji, si mafuta.) Anakula asubuhi, mchana na jioni, sukari kwenye chai ameipunguza, na akirudi kutoka kibandani anashuka matatu kituo kimoja kabla, anatembea. Uzito umeshuka kilo mbili tu kwa miezi minne. Nikamuuliza kama anavunjika moyo. Akacheka. "Pasta, kwani nani ananiwekea tarehe? Zamani nilikuwa nauadhibu. Sasa nautunza, kama mboga zangu. Mboga ukizipiga hazikui."

Mimi kwangu nimeanza na kitu kigumu zaidi kuliko chakula: kunyamaza. Salamu yetu hapa kanisani ni "umenona!" au "mbona umekonda hivyo?" Hatujui kama aliyenona anameza dawa zinazomjaza maji, au kama aliyekonda amefiwa na hajamwambia mtu. Wahudumu wa mlangoni nimewaomba wasalimie kwa jina. Ukitaka kumuuliza mtu habari za afya yake, kaa naye, muulize analala vipi, goti linaendeleaje.

Kambi nyingine itafanyika muhula wa shule ukifungwa. Meza ya mizani itakuwa nyuma ya pazia, kila mtu atapewa karatasi yake mkononi, na kutakuwa na futi na kipimo cha presha hapo hapo kabla mtu hajaambiwa lolote. Anayeshika hiyo meza ni yule mama, ameomba mwenyewe. Amesema mimi nitapimwa wa kwanza. Kiuno juzi kilikuwa 95, na mwezi ujao narudia sukari. Jumapili hii yuko mstari wa mbele, upande wa sauti ya pili.